Eka tatu za babu sasa zina nyumba 34: ardhi tumegawana, maji ya chini tumeyasahau

MwanaFuoni (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum ndugu zangu, na wasio Waislamu habari zenu.

Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Jambo hili limenikaa kifuani tangu siku ya hitma ya mama yangu mdogo, Allah amrehemu. Tulisomea kwenye nyumba kubwa ya babu, huku Fuoni, Unguja. Kabla ya adhuhuri nikaenda kisimani nyuma ya nyumba nipate kutawadha. Kisima kile nakijua tangu sijaanza skuli. Bibi alikuwa na kamba ya katani aliyoipiga mafundo, kila fundo pima moja, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Ukiteremsha ndoo unahesabu mafundo yanavyopita ukingoni, na la sita likipita unasikia ndoo imegonga maji. Siku zote ilikuwa sita, na kiangazi kikizidi sana sita na nusu.

Kamba ipo hadi leo, imeungwaungwa lakini mafundo ni yale yale. Siku ile nilihesabu sita, saba, nane, na juu ya nane shubiri mbili ndipo ndoo ikagusa. Na maji niliyoyapandisha yalikuwa na harufu. Nikayamwaga, nikaenda kununua dumu dukani ili nitawadhe nyumbani kwa babu yangu.

Nieleze historia kidogo kwa vijana. Babu alipewa eka tatu baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi ilipotaifishwa na familia za wakulima kugawiwa vipande vya eka tatu tatu. Palikuwa na minazi, miembe mitatu ya boribo, mfenesi mmoja mkubwa, na mihogo chini. Tukitoka chuoni tukicheza humo mpaka magharibi bila ya kuuona ukuta wa mtu. Babu alizaa watoto tisa. Wajukuu tuko 41, na vitukuu nimeshindwa kuwahesabu.

Baada ya hitma nikapita nyumba moja moja na kalamu. Ndani ya eka tatu zile mna nyumba 34. Kumi na tisa ni za ndugu, zilizobaki ni za watu waliouziwa. Eka zile hazikutolewa ili zikatwe viwanja na kuuzwa, lakini sote tunajua mambo yalivyokwenda: karatasi ya mkono, mashahidi wawili, pesa. Nami simo nje ya lawama, kiwanja changu mwenyewe kimetoka humo humo. Nyumba 34 zina makaro 34, yale mashimo ya maji ya choo. Visima vya kuchimba ni 11, na saba kati yake vina mota. Kutoka kisima cha bibi hadi karo la karibu nilipiga hatua tisa.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tufikiri pamoja. Sisi tunajua sana kugawa. Baba akifa tunaita wenye elimu, fungu la mke linajulikana, la mtoto wa kiume na la wa kike linajulikana, vigingi vinapigwa, kila mtu anapata chake. Lakini kilichogawiwa pale ni uso wa ardhi. Chini yake mna maji, na maji yale ni mamoja. Kaka yangu akiwasha mota upande wa mashariki, anavuta maji yangu na ya jirani na ya shehia ya pili. Hakuna kigingi kule chini. Tumeyarithi pamoja na ardhi, na hakuna hata siku moja tulipokaa kikao tukaulizana nani anavuta kiasi gani.

Hesabu za sensa nazo ziko wazi. Mwaka 1978 Zanzibar nzima, Unguja na Pemba, ilikuwa na watu 476,111. Sensa ya 2012 ikahesabu 1,303,569. Ya 2022 ikatoa 1,889,773. Toeni wenyewe: katika miaka kumi tu tumeongeza watu zaidi ya 586,000. Yaani nyongeza ya miaka kumi ni kubwa kuliko Zanzibar yote aliyoijua babu mwaka 1978. Na Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake una watu 893,169, karibu nusu yetu, kwenye kipande kidogo cha kisiwa.

Simchukii mtoto wa mtu. Mtoto ni neema, na mimi ninao wanne. Lakini kisiwa hakina pa kutanukia. Bara mtu akikosa shamba hapa anasogea wilaya ya pili. Sisi ukisogea sana unaingia baharini.

Naomba michango yenu. Hasa nataka kusikia sehemu zenu hali ya visima ikoje.

Fundi_Tofali

Ndugu MwanaFuoni, pole na msiba. Umeyaandika niliyoyaona kwa macho kwa miaka ishirini ya ujenzi.

Niongezee upande wangu. Hizo nyumba 34 zimejengwa na nini? Mchanga. Tukisema mchanga tunasema shamba la mtu limegeuzwa shimo. Nendeni Donge, nendeni Pangatupu, muone. Udongo wa juu, ule wenye rutuba, unasukumwa pembeni, mchanga unachotwa mpaka kwenye jiwe, na gari ikiondoka hapaoti kitu pale kwa muda mrefu sana. Mchanga hapa ni maliasili isiyorejesheka. Zamani nilikuwa naletewa mchanga kwa gari la ng'ombe siku ile ile niliyoagiza. Sasa tajiri anasubiri kibali na foleni, na bei haishikiki.

Mimi nakula kwa kazi hii. Lakini nikiulizwa nitasema tuache kujenga nyumba za chini kila mtu na uwanja wake. Watoto sita wa baba mmoja wangeweza kujenga jengo moja la ghorofa tatu, msingi mmoja, karo moja kubwa lililojengwa kwa ustadi, na pakabaki nafasi ya miembe. Pale mjini Michenzani walijenga kwenda juu tangu miaka ya sabini.

Abu_Salma

Wa alaykum salaam. Sheikh, nakuheshimu, lakini uzi huu unaelekea pabaya. Riziki ya kila kiumbe iko kwa Mola wake. Wazee wetu walizaa kumi, kumi na mbili, na hawakufa na kiu. Leo tunaambiwa tupunguze watoto wakati mahoteli yanamwagia maji bustani za nyasi usiku kucha. Kwa nini mkono unakwenda kwenye tumbo la mwanamke masikini kabla ya kwenda kwenye bwawa la kuogelea?

Binti_Jambiani

Kaka Abu Salma, kwenye hoteli umesema kweli, na mimi naishi nayo.

Huku kwetu ni uwanda, mawe matupu. Maji matamu huku ni tabaka jembamba linaloelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya kwenye matundu ya mawe. Maji matamu ni mepesi, ya chumvi ni mazito, ndiyo maana hayachanganyiki upesi. Mhandisi mmoja wa maji alitufafanulia hivi kikaoni: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake mna kama mita 40 za maji matamu zinazoibeba. Ukivuta ukaishusha ile mita moja ya juu, chumvi inapanda kutoka chini kwa mita 40. Ndiyo maana kisima kinakuwa kitamu leo, na baada ya muda chai haipikiki.

Mwaka 2012 ulifanywa utafiti Kiwengwa, Nungwi na huku Jambiani. Ulikuta kaya ya kijijini inatumia kama lita 93 kwa siku, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kinafika lita 3,195. Chumba kimoja, na kaya ina watu sita au saba. Wakati ule wageni walikuwa wachache kuliko sasa, maana mwaka 2024 waliingia 736,755.

Mama yangu alikuwa akiosha mwani na vyombo kwa maji ya kisima cha pembezoni mwa kijiji. Sasa sabuni haitoi povu. Ukitaka kujua chumvi imefika, usionje. Tia sabuni.

Abu_Salma

Ahsante dada yangu. Basi tumekubaliana tatizo ni nani.

MwanaFuoni

Sheikh Abu Salma, sijakubali bado, na niseme kwa adabu. Hoteli za Jambiani zinavuta maji ya Jambiani. Huku Fuoni hatuna hoteli hata moja, na kamba ya bibi imeshuka pima mbili na zaidi. Hiyo imevutwa na mimi, na kaka yangu, na jirani. Wazee wetu walizaa kumi, kweli, lakini maji yalitekwa kwa mkono. Mtu akiteka ndoo 15 mkono unachoka, anaacha. Mota haichoki. Na wengi katika wale kumi walikufa wadogo, bibi yangu mwenyewe alizika watatu. Siombi turudi huko. Naomba tukubali kwamba watoto wakiishi wote, na kila mmoja akitaka nyumba, mota, na choo cha kuvuta maji, hesabu ya babu haitutoshi.

Hayo maji ya hoteli nayo tuyadai kwa sheria, walipe na wapimiwe. Ila tukisubiri hoteli zibadilike ndipo na sisi tubadilike, kisima changu kitakuwa kimekwisha.

Nesi_Mstaafu

Wanangu, mimi nimezalisha wanawake miaka 31, Unguja na Pemba. Kwenye uzazi mniachie niseme.

Sijawahi kumwambia mtu asizae. Wengi walionijia walikuwa na mtoto wa miezi minane mgongoni na mimba ya miezi mitatu, wamechoka, damu imepungua, wanalia. Walichotaka ni kupumzika. Qur'ani imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, na mwanamke akipata kupishanisha watoto kwa miaka miwili mitatu, mwisho wa umri wake wa kuzaa ana watoto wachache kuliko wa yule aliyezaa mfululizo, na wana afya. Leo wastani wetu ni karibu watoto watano kwa mwanamke. Tatizo nililoliona ni waume. Mke anakubali, mume anasikia barazani kwamba dawa inaharibu kizazi, inaishia hapo. Abu Salma mwanangu, nakuomba wewe mwenye sauti msikitini ulizungumze hili na wanaume wenzako. Wewe watakusikiliza kuliko mimi.

Na msichana akibaki skuli mpaka akamaliza, anachelewa kuolewa na anajua anachokitaka. Hilo nimeliona kwa macho yangu kuliko dawa yoyote.

Abu_Salma

Bi Nesi, maneno yako nimeyapokea. La kupishanisha watoto kwa ajili ya afya ya mama sina ugomvi nalo, masheikh wengi wanalikubali. Nitalizungumza. Bado nasema mahoteli yasisahauliwe.

Mkulima_Mtambile

Salamu kutoka Pemba. Huku sisi tuna vijito na mvua ni nyingi kuliko Unguja, kwa hiyo watu wa mjini hudhani hatuna shida. Njooni muone mabonde ya mpunga yaliyo karibu na pwani. Mikoko ilikatwa, mingine kwa boriti, mingine kwa kuni na makaa, maana nyumba ni nyingi na jiko halilali. Ukuta ule wa miti ulipoondoka maji ya bahari yakaanza kupanda bondeni bamvua likiwa kubwa. Bonde la mjomba wangu lilikuwa likitupa mpunga wa kula hadi Ramadhani. Sasa limeota majani ya chumvi. Tunakula mchele wa meli.

Na mikarafuu je? Babu akifa na mikarafuu 40, watoto wanane, kila mmoja ana mitano. Mitano haimlishi mtu, anaikata anajenga. Ni hadithi ile ile ya eka tatu za Fuoni.

Lakini nisiseme mabaya tu. Popo wetu wa Pemba, wale wakubwa, mwishoni mwa miaka ya themanini walikuwa karibu wamalizike kwa kuwindwa na kwa kukatwa miti. Wanavijiji walikaa, wakajiwekea taratibu, wakailinda miti wanayolala kama pale Kidike, na leo wako maelfu kwa maelfu. Kisiwa Panza nako wavuvi hufunga sehemu ya mwamba miezi mitatu hivi bila ya kuvua pweza, siku ya kufungua wanapata pweza wakubwa. Hakuna aliyewapiga bakora. Walikaa wakahesabu.

Kijana_wa_Kinuni

Mbona hamsemi wageni kutoka bara? Ndio wanaojaza mji.

MwanaFuoni

Ndugu yangu, wanaotoka bara wamefuata kazi, kama Wapemba walivyofuata kazi Unguja na ndugu zetu walivyofuata kazi Dubai. Kweli nao wamo ndani ya hesabu, ongezeko letu la asilimia 3.7 kwa mwaka halikutokana na kuzaa peke yake. Lakini mota iliyowashwa na mtu wa Tanga na iliyowashwa na mtu wa Makunduchi zinavuta maji yale yale. Tusiligeuze jambo la kisima likawa la kabila.

Niwarudishe kwenye maji kwa kitu kimoja. Wangapi mnakumbuka Disemba 2009, waya wa umeme wa baharini ulipoharibika Unguja ikakaa gizani miezi mitatu? Giza tulilizoea. Kilichotutesa ni maji, maana mabomba yanategemea pampu na pampu zinategemea umeme. Watu wa mtaa wote walikuja kwenye kisima cha bibi na ndoo. Alikuwa hai bado. Alikaa kwenye kiti kuanzia alfajiri, anahesabu: ndoo nne kila kaya, kisha kisima kinapumzishwa mpaka alasiri kijae. Hakuna aliyegombana. Watu wale wangepata wapi maji leo, na kisima kina harufu?

Fundi_Tofali

Nakumbuka sana. Na kuna jingine hamjaligusa. Zamani mvua ikinyesha kwenye minazi inazama chini, inakijaza kisima. Sasa eka tatu zile ni bati na saruji, nje watu wameweka matofali ya pevingi mpaka ukutani. Mvua haina pa kuzama, inakimbilia barabarani. Mafuriko ya Mwanakwerekwe tuliyokuwa tukiyalalamikia kila masika, yale ni maji ya visima vyetu yaliyokosa njia ya kushuka.

Kila nyumba ninayojenga sasa namshauri tajiri atege mvua. Hesabu yake nyepesi: mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita 100 za mraba, na mvua yetu ya Unguja kama milimita 1,500 kwa mwaka, ni lita 150,000. Hata ukipoteza theluthi, zinabaki laki moja. Tangi la mvua kwa kuosha na kufulia, linalozidi lipelekwe kwenye shimo la kokoto lizame ardhini, mbali na karo.

Binti_Jambiani

Kaka fundi, shimo hilo la kokoto linakuwa na kina gani? Huku mawe yako juu juu.

Fundi_Tofali

Dada, kwenye mawe usichimbe kina. Chimba pana, futi tatu zinatosha, kokoto kubwa chini ndogo juu, na uzibe mdomo kwa wavu takataka zisiingie. Na lazima liwe upande wa juu wa kisima, karo liwe upande wa chini. Wengi wanakosea hapo.

MwanaFuoni

Narudi kwenu baada ya wiki sita, nilikaa kimya kwa sababu tulikuwa na kikao cha familia.

Tulikutana ndugu 23 uwanjani kwa babu, na sheha alihudhuria, na majirani saba katika wale walionunua. Nilileta kamba ya bibi nikaiteremsha mbele yao, watu wakahesabu mafundo kwa sauti. Baada ya hapo sikuhitaji kusema sana. Mabishano yalikuwepo. Binamu yangu mmoja alisema yeye amenunua mota kwa pesa zake na hapangiwi saa. Tukakaa mpaka isha.

Tulichokubaliana: kipande cha mwisho kilichobaki kitupu, pale penye mwembe mmoja uliosalia, hakiuzwi wala hakijengwi. Warithi wanaokimiliki ni wanne, wamekubali kukiweka wakfu, na mmoja wao ni yule binamu wa mota, jambo ambalo lilinitoa machozi. Fundi wetu wa uzi huu amekuja mwenyewe kutuonesha pa kuchimba mashimo mawili ya kokoto. Karo lililo hatua tisa kutoka kisimani litafukiwa, mwenyewe ataunganishwa na karo la nyumba ya pili, tunachanga gharama. Mota saba zitawashwa kwa zamu, asubuhi nne, alasiri tatu. Mwanafunzi mmoja wa hapo, binti wa dada yangu, amepewa daftari na kamba. Kila Ijumaa baada ya asri atapima na kuandika.

Masika haijaisha. Ijumaa ya kwanza ameandika: pima nane na shubiri moja. Jana: pima nane kasoro shubiri mbili. Harufu bado ipo.

Mkulima_Mtambile

Endelea kutuletea namba za daftari hapa hapa, kaka. Mimi nimepiga mafundo kamba yangu leo asubuhi. Kisima chetu pima nne na nusu.